Kiti cha Baraza ni Amana, si Ngawira

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, wengi wetu tulioko pwani tuna jamaa zetu Kitale na Bungoma, waliokwenda kwa biashara au kwa kazi. Wala safari hiyo si ya jana. Wafanya biashara wa pwani walifika Mumias katika karne ya 19, na Nabongo Mumia mwenyewe, aliyefariki mwaka 1949, aliingia katika Uislamu. Basi tusiseme, “Hayo ni mambo ya bara.” Suali la leo lawahusu wao, na lawahusu pia watu wa Mombasa, Malindi na Lamu.

Suali ni hili: mtu ambaye kwa miaka mingi amewatetea wanyonge wa mtaani kwake, akisimama na wachuuzi wanapotozwa ushuru usio haki, akiwaandikia barua wasiojua kuandika, akidai maji na mitaro bila ya kulipwa, je, yafaa agombee kiti cha baraza? Au aambiwe, kama wasemavyo wengi, kuwa siasa ni uchafu na mcha Mungu hautii mkono wake humo?

Kwanza tukijue kiti chenyewe. Mabaraza ya zamani ya miji na wilaya, yaliyokuwa 175 katika Kenya nzima, yaliondoka baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013. Tangu hapo mwenyeji wa Kitale au Bungoma humchagua mjumbe wa wadi yake katika baraza la kaunti. Kaunti ya Bungoma ina wadi 45. Na Trans Nzoia, ambayo makao yake makuu ni Kitale, ina wadi 25. Katiba ya mwaka 2010 imetia mikononi mwa kaunti masoko, leseni za biashara, uzoaji wa taka, taa za njiani, zahanati, machinjio, shule za watoto wadogo, na makaburi.

Yatazameni mambo haya moja moja. Nyama tulayo yatoka machinjioni. Riziki ya mjane auzaye mboga iko sokoni. Na maiti wetu, ambaye Sunna yatuhimiza tusimcheleweshe, ahitaji ardhi ya kuzikiwa, hasa katika mji ambao Waislamu ni wachache. Ni lipi katika haya lililo uchafu? Uchafu ni ule uliorundikana sokoni kwa sababu waaminifu walikaa majumbani mwao wakaiachia kazi mikono isiyo safi.

Wapingao huileta hadithi ya Abdurrahman bin Samura, ambaye Mtume (S.A.W.) alimkataza asiuombe uongozi, akamweleza kwamba apewaye kwa kuuomba huachiwa mzigo peke yake. Hadithi hiyo ni sahihi, nasi twaikubali. Walakini Qurani, katika Surat Yusuf aya ya 55, yatusimulia kuwa Nabii Yusuf alimtaka mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, akataja sifa zake mbili: kuhifadhi na kujua. Wanazuoni wamezikusanya dalili hizi wakasema: lililokatazwa ni tamaa, ama aonaye kuwa haki za watu zapotea, naye ana uwezo wa kuzilinda, huyo hakatazwi.

Na uwezo si maneno matupu. Abu Dharr alikuwa katika wabora wa masahaba, na Mtume alimpenda. Hata hivyo alipoomba kazi ya uongozi aliambiwa kuwa yeye ni dhaifu, na kwamba kazi hiyo ni amana, na Siku ya Kiyama ni fedheha na majuto ila kwa aichukuaye kwa haki yake. Basi swala nyingi na kilemba havitoshi. Mjumbe wa baraza hutunga sheria za kaunti, hupitisha bajeti na huisimamia serikali ya kaunti. Asiyejua kuisoma hesabu ataidhinisha wizi hali ya kuwa anavuta tasbihi.

Ewe mtetezi wa watu! Jiulize kabla hujachukua karatasi za kugombea: kama ungeshindwa, je, ungerudi kesho yake kwa wale wachuuzi ukaendelea na kazi yako? Ikiwa jibu ni la, basi hukuwa ukiwatetea. Ulikuwa ukipanda mbegu za kura. Na ukishinda, jua kwamba wewe si mjumbe wa msikiti peke yake. Asiyekuwa Muislamu aliyekuchagua, na hata yule aliyekupinga, ana haki shingoni mwako. Suratul Maida aya ya 8 yatuamrisha uadilifu hata kwa watu tusiopendana nao.

Na hikima haina kabila wala mji. Masinde Muliro, aliyechaguliwa mwaka 1957 Waafrika wa Kenya walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, na baadaye akawa mbunge wa upande wa Kitale, hakuwa Muislamu. Mwaka 1975, akiwa waziri, aliiunga mkono Bungeni ripoti ya uchunguzi wa kuuawa kwa J. M. Kariuki, kinyume cha matakwa ya serikali, akaupoteza uwaziri wake. Aliuacha uwaziri lakini hakuiacha amana. Je, sisi tusomao Suratun Nisaa aya ya 135, itutakayo tuishuhudie haki ijapokuwa dhidi ya nafsi zetu, si aula zaidi kufanya hivyo?

Nawe mpiga kura, usidhani hesabu hii ni ya mgombea peke yake. Mtume amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji wake. Huyo akupaye noti mbili na pakiti ya sukari usiku wa kuamkia uchaguzi hakukirimu; anainunua miaka mitano ya maji yako, ya njia yako na ya zahanati ya mwanao. Ukishaila sukari yake, kwa ulimi gani utamdai mtaro?

Wala kazi yako haishii kwenye sanduku la kura. Abu Bakr Siddiq alipopewa ukhalifa aliwataka watu wamsaidie akitenda mema na wamnyoshe akipotoka. Katiba ya Kenya nayo yataka mikutano ya mabaraza iwe wazi na wananchi washirikishwe. Basi nendeni mkasikilize, mkaulize. Mwenye kumchagua mtu mwema kisha akamwacha peke yake na fedha za umma amemdhulumu.

Ewe Mola wetu, watie nguvu waaminifu, na utie uaminifu katika wenye nguvu. Na utukinge na kuiuza amana kwa thamani ndogo. Amin.

Wabillahi taufiq.