Alipigwa kwa Nini?

Siku moja tulikuwa tukifundisha kauli ya kutendwa katika kidato cha pili, tukaandika ubaoni sentensi hii: "Mtu yule alipigwa na mlevi." Kisha tukauliza, "Alipigwa kwa nini?" nasi tulitaraji kuelezwa sababu ya ugomvi. Mwanafunzi mmoja, ambaye Kiswahili si lugha ya nyumbani kwao, alisimama akajibu kwa adabu, "Kwa chupa, mwalimu." Darasa zima likacheka. Sisi nasi, hatuna budi kukiri, tulicheka, kisha tukamwandikia kosa. Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza kama hatukumwonea.

Wenzetu walimu wanajua kwamba katika sentensi ya namna hii "na" humtangulia mtenda, na "kwa" hukitangulia kitumizi. Mlevi ndiye aliyepiga. Chupa haina kosa. Ndivyo isemavyo sarufi, na ndivyo wasemavyo mahakimu, wahubiri na wazee wa barazani. Habari ya ugomvi wa walevi ikitufikia twauliza "na nani?" na jibu likiisha kupatikana twaona kazi imekwisha. Mwenye kosa amejulikana, na alaumiwe. Lakini je, watu wasiokunywa wala kupiga, kama vile tabibu, askari, diwani na hata karani, wana dhima yoyote juu ya mkono wa mlevi? Na wakiibeba dhima hiyo, hawampunguzii mlevi kosa lake?

Tutachukua mfano wa mbali, kwa sababu huko swali hili lilijaribiwa kwa vitendo na matokeo yake yakapimwa. Cardiff ni mji mkuu wa Wales, nchini Uingereza. Baa na kumbi zake za dansi zimesongamana katikati ya mji, na tangu mwaka 1999 upo papo hapo uwanja wa raga unaochukua watu zaidi ya 70,000. Usiku wa mwisho wa juma ulikuwa na majeruhi wengi. Mmoja wa waliowatibu alikuwa Profesa Jonathan Shepherd, mpasuaji wa taya na uso. Kazi yake ilikuwa kuunga nyuso zilizovunjwa kwa ngumi na kuchanwa kwa bilauri, naye akagundua kwamba sehemu kubwa ya wagonjwa wa namna hiyo hawakuwamo kabisa katika vitabu vya polisi. Wengine waliogopa kulipiziwa kisasi. Wengine hawakumjua aliyewapiga. Wengine hawakutaka mwenendo wao wenyewe uchunguzwe. Basi askari walilinda mji wasioujua, ilhali waliojua habari zake walikuwa wauguzi, wala hakuna aliyewauliza.

Mwaka 1997 kilianzishwa kikundi cha kuzuia ujeuri, kilichowakutanisha watu wa hospitali, polisi na halmashauri ya mji. Makarani wa mapokezi katika idara ya majeruhi wakaanza kuuliza maswali machache: Ulipigiwa wapi hasa? Siku gani, saa ngapi? Kwa kitu gani? Majibu yaliondolewa majina ya wagonjwa, yakajumlishwa na habari za polisi, na kila mwezi ikajulikana ni mtaa upi na baa ipi palipomwagika damu. Msomaji na atazame vizuri maswali hayo. "Na nani?" halikuwa swali kubwa pale. Yalikuwa maswali ya mahali, ya wakati, na ya "kwa".

Kutokana na majibu hayo askari walihamishwa hadi palipostahili, kwa saa zilizostahili. Wenye baa zilizotajwa mara kwa mara walifuatwa, na leseni zao zikaangaliwa. Mtaa mmoja uliojaa ugomvi ulifungwa usipitiwe na magari, ili umati uliotoka kunywa usibanane kando ya njia. Bilauri za kioo zikabadilishwa mahali pengine kwa za plastiki. Katika jambo hili la bilauri tuongeze neno. Shepherd na mwenzake walikwisha kujaribu katika baa kadhaa kioo kilichoimarishwa kwa moto, ambacho kikivunjika hutawanyika punje punje. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba wahudumu wa baa waliopewa bilauri hizo waliumia zaidi, kwa kuwa kioo hicho hakikuimarishwa ipasavyo. Walitangaza kushindwa kwao waziwazi, nasi kwa sababu hiyo twawaamini zaidi wanapotangaza kufaulu.

Na walifaulu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 uliulinganisha mji wa Cardiff na miji mingine 14 ifananayo nao. Cardiff, waliolazwa hospitali kwa kupigwa walipungua kutoka 7 hadi 5 kwa mwezi katika kila watu 100,000. Katika miji ile mingine waliongezeka kutoka 5 hadi 8. Mashambulio madogo madogo yaliyoandikwa na polisi, kinyume chake, yaliongezeka Cardiff. Yamkini ni kwa kuwa askari walikuwapo karibu, wakaingilia kati ugomvi ungali wa kusukumana.

Atatokea mtu wa kusema: mlevi amebaki mlevi, na kumpa bilauri ya plastiki ni kumlea. Pingamizi hili hatulidharau, maana lina heshima ndani yake. Linamchukulia mlevi kuwa mtu mzima anayejibu kwa matendo yake. Lakini linachanganya maswali mawili. Kuuliza ni nani mwenye kosa ni jambo moja, na kuuliza ni nani awezaye kuzuia ni jambo jingine. Kosa halipungui likitazamwa na wengi. Aliyepiga Cardiff bado alishtakiwa. Kilichobadilika ni kwamba jicho la aliyepigwa lilisalimika. Je, tungemwambia mwenye jicho hilo kwamba ingalikuwa bora alipoteze, ili kosa la mwenzake lidhihirike?

Mwingine atasema, ifungwe pombe yenyewe. Wales walijaribu: sheria ya mwaka 1881 ilifunga baa zote siku ya Jumapili, na Cardiff haikuacha kuifuata hadi kura ya mwaka 1961. Vilabu vya wanachama havikuguswa na sheria hiyo, na wenye kiu walijiunga navyo.

Lililotusumbua zaidi ni la siri. Mgonjwa humfunulia tabibu asiyomfunulia mtu mwingine, na siku majeruhi watakapodhani kwamba karani ni mpelelezi wataacha kwenda hospitali, wafe majumbani. Hapo hatuoni ruhusa ya kulegeza. Jina ni mali ya mgonjwa. Lakini mahali si mali yake peke yake. Pembe ya njia alipoangushwa yeye atapita mtu mwingine Jumamosi ijayo, na kumficha huyo habari ya pembe hiyo kwa jina la heshima ya mgonjwa kwaonekana kwetu ni heshima iliyopotoka.

Hivi karibuni tuliomba kuonyeshwa daftari la zahanati iliyo karibu na shule yetu, kurasa tupu tu, bila ya majina ya watu. Lina safu ya tarehe, ya jina, ya umri, ya kijiji, ya maradhi na ya dawa. Tulimwuliza muuguzi majeruhi wa siku ya gulio huumizwa wapi. Alijibu papo hapo, bila ya kufikiri: nyuma ya soko, penye vilabu viwili vinavyotazamana, jua likiisha kuchwa. Amelijua hilo kwa miaka mingi. Tukamwuliza kama amepata kumweleza mtu yeyote. Akasema hajaulizwa.

Yule mwanafunzi tumekwisha kumrudishia alama yake.