Mwalimu wa Kwaya Hana Sauti

Mwalimu wa kwaya ni mtu wa ajabu. Siku ya onyesho anawapa watazamaji mgongo, hafungui kinywa, na mwisho ndiye anayegeuka kupigiwa makofi. Sasa ndugu msomaji, hebu nikuulize: wimbo ukishapendeza, ni wa nani?

Usikimbilie kunijibu kwamba ni wa waimbaji. Kazi ya mwalimu ipo, tena ngumu. Mmarekani Robert Shaw, aliyefariki 1999 na kuishi kwa kazi hii tangu ujana wake, alikuwa akiwaondolea waimbaji maneno ya wimbo na kuwaimbisha hesabu, moja-na-mbili-na, kwa sauti ya chini kabisa, mpaka umati mzima upumue kama mtu mmoja. Nani angevumilia hayo bila kulazimishwa? Besi wangejiendea zao kunywa chai. Kwa hiyo mshahara wa Shaw mimi siuonei kijicho.

Ila Shaw alikuwa na noti mkononi, na mtunzi alikwisha kujulikana. Kule Kamina, Katanga, mambo yalikuwa mengine. Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika huko mwaka 1953, akaunda kwaya ya wavulana na walimu wao, akaiita kwa jina la mfalme wake: Les Troubadours du Roi Baudouin. Mwaka 1958 wakaenda kuimba Ulaya. Misa yao, Missa Luba, ikazunguka dunia kwa santuri. Mwaka 1968 Sanctus yake ikasikika hata katika filamu ya Kiingereza, If.... Maneno ni Kilatini, lakini uimbaji ni wa kwao: mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, ngoma zinajibu. Tena sehemu kubwa ilizaliwa papo kwa papo, vinywani mwa watu. Noti zilikuja baadaye. Sauti ya pekee ilikuwa ya mwalimu Joachim Ngoi. Lakini uliza Missa Luba ni ya nani. Utaambiwa, ya Padri Haazen.

Hapo ndipo ninapogoma. Kweli, padri alifungua mlango, akasema hiki kibaki, kile kiachwe. Kuchagua nako ni kazi. Sisi tunaoota kuandika riwaya tunalijua hilo: bibi anasimulia, mjukuu anatia saini. Lakini "niliongoza" na "nilitunga" si kitenzi kimoja, jamani. Haki ya mtunzi hulipwa kwa jina lililoandikwa, na koo la mtu haliandikwi popote.

Mwaka 1990 Muungano National Choir ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, waliirekodi upya Misa hiyo kwa kampuni ya Philips. Safari hii aliyesimama mbele ni Mwafrika. Wapo watakaosema basi, yamekwisha. Hayajaisha. Rangi ya mkono unaoongoza si hoja yangu. Mganga naye alisimama mbele ya makoo ya wenzake, na jina tunalolikumbuka ni la Mganga. Eti majina yote hayaenei kwenye jalada! Herufi zikipunguzwa yanaenea, mbona maelezo ya kampuni huenea?

Wavulana wale wa 1958, aliye hai leo anakaribia miaka themanini au ameshaipita. Mtajie mpenzi yeyote wa muziki Missa Luba, kisha mwombe majina yao matatu tu.