Kinga ya Kioo kwa Aliyekwisha Kufa

Fundi wa Carthage, katika Tunisia ya leo, alipaka udongo kwenye ufito wa chuma, akauzungushia kioo kilicholainishwa motoni, kisha akaongeza rangi kidogo kidogo: pembe za kondoo dume zilizojikunja, pua, na macho makubwa yaliyokodoka. Juu aliacha kitanzi cha kupitishia uzi. Kidani chenyewe hakikuzidi sentimita chache.

Vidani vya jamii hii, vingine vyenye sura za wanaume wenye ndevu, vilianza kutengenezwa yapata karne ya 7 Kabla ya Kristo. Vingi vimefukuliwa makaburini, kuanzia Carthage hadi Sardinia na Ibiza.

Makaburini! Macho yale yaliwekwa, wataalamu wengi wanaamini, ili kurudisha kijicho kilikotoka. Na kondoo dume alihusishwa na Baal Hammon, mungu mkuu wa mji. Lakini maiti anamwogopa hasidi gani?

Karne nyingi baadaye Augustino, mwanateolojia Mkristo aliyesoma na kufundisha Carthage, alizilaani hirizi katika kitabu chake De Doctrina Christiana: kuzitegemea ni kushirikiana na mashetani. Hoja yake ina uzito, kwa kuwa anayekabidhi maisha yake kwa kioo amekosea mlinzi. Hata hivyo haimalizi swali la kaburi. Aliyemvika marehemu kidani hakutarajia afufuke asubuhi. Alikataa tu kuamini kwamba wajibu wake wa kumlinda umekwisha. Kuuita moyo huo ushirikina mtupu ni kuwahukumu wafiwa wale bila haki.