Pembe za Tembo na Riziki ya Halali

KILA sifa njema anastahiki Allah (SW), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW).

Katika Surat Al-An'aam, aya ya 38, Allah (SW) anatufahamisha kuwa wanyama wa ardhini na ndege wa angani ni umma kama sisi. Je, umma wa tembo tumeufanya nini? Kwa hesabu za serikali, Tanzania ilikuwa na tembo 109,051 mwaka 2009. Mwaka 2014 walihesabiwa 43,330. Wengi waliuawa kwa ajili ya pembe.

Muislamu wa mjini atasema: "Mimi sijawahi kushika bunduki." Sawa. Lakini pembe hazitembei zenyewe kutoka porini. Novemba 2013 zilikamatwa bandarini Zanzibar, zimefichwa katika kontena la makombe ya baharini. Biashara hiyo haiendi bila dereva, mwenye ghala, mwandika karatasi na mpokea bahasha. Hao ni watu wa mjini, na huenda tunasimama nao safu moja katika swala.

Mtume (SAW), katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ametueleza habari za mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula mpaka akafa. Huyo ni paka mmoja. Maelfu ya tembo je?

Ndugu yangu, ukiletewa mzigo unaoambiwa usiuulize, uache. Usiwalishe wanao fedha yake. Kesho utaulizwa ulikoichuma.

Wallahu a'alam.