Picha Yetu Katika Kitabu cha Rafiki

Wahenga walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kila siku kata huingia mtungini, ikajua kama maji ni tele au ni haba, ni safi au yana tope. Ndivyo alivyo rafiki wa miaka mingi. Aliingia kwetu bila kungoja kukaribishwa, akatuona tukilia, akatusikia tukisema maneno ambayo mbele za watu tusingethubutu kuyatamka. Je, itakuwaje siku kata itakaposhika kalamu? Tutakapokifungua kitabu cha maisha ya rafiki yetu na kujikuta humo, si kama tujionavyo bali kama alivyotuona yeye, tutakuwa na haki ya kulalamika? Na yeye je, alikuwa na haki ya kuandika?

Swali hili si la waandishi mashuhuri peke yao. Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Busanza, upande wa Kanombe katika jiji la Kigali, hulikuta kila tunapotoa insha yenye kichwa “Rafiki Yangu”. Mtoto huandika habari za mwenzake aliyeketi dawati la nyuma, kisha husimama akaisoma insha yake kwa sauti. Tangu Bunge la Rwanda lilipopitisha mwaka 2017 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi, kazi yetu imezidi uzito, maana kumfundisha mtu kuunda sentensi bila kumfundisha dhima ya sentensi hiyo ni kumpa kisu kisicho na ala.

Hebu tutazame kisa kimoja kilichoanzia katika nchi jirani. Mwaka 1966 mwandishi V. S. Naipaul, mzaliwa wa Trinidad, alifika Makerere, Kampala. Huko alikutana na Mmarekani Paul Theroux, mwalimu kijana ambaye bado hakuwa na jina. Naipaul alizisoma kazi za kijana yule, akamkosoa, akamtia moyo. Walisafiri pamoja, hata hapa Rwanda walifika. Mwaka 1972 Theroux alitoa kitabu cha kueleza kazi za rafiki yake, nacho kilijaa heshima. Urafiki wao ulidumu takriban miaka 30, hata ukavunjika katikati ya miaka ya 1990, baada ya Theroux kuona vitabu alivyomtunuku Naipaul kwa mkono wake vimo katika orodha ya mwuza vitabu, vikitafutiwa mnunuzi. Mwaka 1998 akatoa Sir Vidia's Shadow, kumbukumbu za urafiki huo. Humo Naipaul yumo kama mwalimu mwenye jicho kali, lakini yumo pia kama mtu wa choyo, kiburi na dharau. Mwaka 2011 wazee hao wawili walipeana mikono katika tamasha la vitabu la Hay-on-Wye, na mwaka 2018 Naipaul akafariki.

Jambo la kwanza tunalojifunza ni kwamba picha ya mtu ina tarehe yake. Mwandishi wa 1972 na wa 1998 ni yule yule, na aliyeandikwa ni yule yule, lakini picha ni mbili. Hatusemi kwamba ya pili ni ya uongo. Huenda mambo mengi aliyoyaandika Theroux baada ya ugomvi alikuwa ameyaona tangu Kampala, ila mapenzi yaliyafunika. Tunalosema ni kwamba ajikutaye katika kitabu cha rafiki yake hana budi kuuliza: je, kitabu hiki kimeandikwa siku gani ya urafiki wetu?

Wapo watakaosema kwamba rafiki hana ruhusa ya kutuandika hata kidogo. Sisi hatukubaliani nao. Miaka tuliyoishi pamoja ni miaka yake pia. Tukimkataza kututaja, tumemwamuru akate nusu ya maisha yake aitupe. Isitoshe, hakuna mtu anayekiona kisogo chake mwenyewe. Hukionwa na wengine. Huenda rafiki akaandika kwamba tulikuwa wagumu wa kusamehe, nasi tukakasirika usiku kucha, na asubuhi tukakumbuka watu watatu ambao hata leo hatujawasamehe. Hukumu ya aina hiyo inauma, lakini kuuma kwake si ushahidi kwamba ni batili. Sura yetu machoni mwa mwingine haikuwa mali yetu kamwe.

Kilicho mali yetu ni amana. Liko jambo ambalo rafiki aliliona kwa kuwa alikuwapo, na liko jambo aliloambiwa kwa kuwa aliaminiwa. La kwanza aweza kulisimulia kwa uadilifu. La pili aliwekewa tu, kama mtu anavyomwekea jirani ufunguo wa nyumba, na urafiki ukivunjika ufunguo hauwi mali ya jirani. Hapo ndipo tunapoona kosa kubwa la vitabu vingi vya kumbukumbu: ugomvi huchukuliwa kuwa kibali cha kutangaza yaliyonong'onwa zamani za mapatano.

Hata hivyo amana nayo ina mpaka, na hapa Rwanda mpaka huo tunaufahamu kuliko wengi. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, mahakama za Gacaca, zilizoendeshwa nchi nzima tangu 2005 hata zikafungwa 2012, zilisikiliza kesi zinazokaribia milioni 2. Humo jirani alisimama akaeleza alichokiona jirani yake akikitenda. Hakuna aliyeweza kusema kwa haki kwamba huko ni kuvunja urafiki, kwa kuwa siri ya damu si amana. Anayeificha humdhulumu aliyekufa. Lakini tuangalie pia jinsi neno lilivyotolewa: hadharani, mbele ya watu, na mshitakiwa aliruhusiwa kujibu. Kitabu hakina utaratibu huo. Mwandishi hunena peke yake, kwa kurasa mia tatu, na hakuna anayeweza kumkatiza.

Kwa hiyo tunaona kwamba uzito wa kosa hutegemea sana kama aliyeandikwa anaweza kujibu. Naipaul hatumwonei huruma kupita kiasi: alikuwa na kalamu yake, tena kali, na yeye mwenyewe aliwaandika watu wengi bila kuwaomba ruhusa, wakiwamo watu wa Afrika Mashariki. Lakini Patricia, mkewe wa kwanza, aliyefariki mwaka 1996, hakuweza kusema neno wakati shajara zake zilipotumiwa katika wasifu wa mumewe uliotolewa na Patrick French mwaka 2008. Naipaul alikubali mambo yake yafunuliwe. Ya mkewe ni nani aliyekubali? Na wenyeji ambao waandishi wale wawili waliwapita njiani mwaka 1966 walijibu katika kitabu gani? Kadiri mtu anavyokosa sauti, ndivyo mwenye kalamu anavyopaswa kuongeza hadhari.

Turudi darasani. Haifai kumwambia mwanafunzi amsifu tu rafiki yake, kwani insha ya sifa tupu haimfundishi kutazama. Tumwambie aandike alichokiona kwa macho yake, na alichoambiwa sirini akiache. Kabla ya kuisoma kwa sauti, ampe mwenzake aisome kwanza, na kama mwenzake ana neno la kusahihisha, liandikwe chini ya insha hiyo hiyo. Naye mwenye kuandikwa afundishwe kutenga mambo mawili: kosa la habari, ambalo ana haki ya kulisahihisha, na maoni ya mwenzake, ambayo hana budi kuyastahimili.

Twajua kwamba baadhi ya walimu wenzetu wataona utaratibu huo unamfunga mtoto ulimi, na wengine wataona bado ni huru mno. Mwenye hoja na ailete katika kurasa hizi, tuipime pamoja kabla hatujatoa tena insha ya “Rafiki Yangu”.