Zawadi Alizozikataa Najashi

Je, ukubwa wa dola hupimwa kwa majeshi au kwa uadilifu? Mwaka 615, Maquraish walipowatesa Waislamu, Mtume (S.A.W.) aliwaelekeza wakimbilie Uhabeshi, kwa mfalme Mkristo ambaye kwake hadhulumiwi mtu. Maquraish wakatuma wajumbe na zawadi ili warudishiwe wakimbizi wale. Najashi akamsikiliza Jaafar bin Abi Talib, aliyemsomea katika Surat Maryam. Kisha akazirudisha zawadi, wala hakumtoa hata mtu mmoja.

Sasa tuitazame Tura, kituo cha kwanza cha Unyamwezi kwa aliyetoka pwani na kulivuka pori la Mgunda Mkali. Karne ya 19 misafara ya Waarabu na Waswahili ilipita hapo kwenda Tabora, ikarudi na pembe za ndovu, na mingine na watumwa. Tuseme kweli: Waislamu wa mwanzo waliokolewa na mtu aliyekataa kuwauza wanyonge, kisha baadhi ya wazee wetu wakawauza wanyonge. Kusema "ndiyo desturi ya zama zile" si hoja. Najashi naye angeweza kusema hivyo.

Basi, ndugu msomaji, mnyonge akibisha hodi kwako, usiulize kwanza dini yake wala kabila lake. Jiulize: ni zawadi gani itakayokufanya umtoe? Wabillahi tawfiq.