Hakikisha Kabla ya Kupuliza Dawa

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kiumbe na akakikadiria riziki yake. Sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Hapa Kyebando ninapoishi, bado kuna mahindi yanayolimwa bondeni, kati ya nyumba na vichaka. Mvua zikianza, viwavi huonekana kwenye majani, na neno moja huenea: obusaanyi! Mdudu hajaangaliwa, bomba la dawa liko tayari mgongoni. Mama mmoja jirani aliniuliza: "Mwanangu, wewe unayesoma dini, kwani kiwavi naye ana haki?"

Nilimjibu: anayo, na ya kwanza ni kujulikana kabla ya kuhukumiwa.

Viwavi hawa ni watoto wa nondo warukao usiku, ukoo wenye aina maelfu. Wengi hula majani ya miti na nyasi porini wala hawamdhuru mkulima. Wachache ndio waletao njaa. Kiwavijeshi vamizi, aliyetoka bara la Amerika na kuthibitishwa Uganda mwaka 2017, ana alama ya herufi Y iliyopinduliwa usoni, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Kiwavijeshi wa Afrika, atembeaye kwa makundi, hana mraba huo. Rangi peke yake haitoshi: huyu wa Afrika akiishi peke yake huwa kijani au kahawia, na wakisongamana huwa weusi. Wakiwa wachanga, hata mtaalamu hutatizika. Mara nyingine humfuga kiwavi na kumlisha mpaka awe nondo, ndipo amtaje jina.

Ndugu zangu, huko ndiko kuhakikisha. Katika Sura Al-Israa, aya ya 36, Mola wetu anatukataza kufuata tusilolijua, na anatuonya kwamba masikio, macho na moyo vitaulizwa. Na katika hadithi ya Abu Hurayra, waliyoipokea Bukhari na Muslim, tunasimuliwa Nabii mmoja aliyeumwa na sisimizi, akaamuru kijiji chao kizima kichomwe moto. Mwenyezi Mungu akamlaumu: aliyeuma ni mmoja, na walioteketezwa ni umma unaomsabihi.

Simaanishi mkulima aache shamba liliwe. Kuondoa madhara ni katika misingi ya sheria yetu. Akaguliwe mdudu asubuhi, yafunuliwe majani ya moyo wa mhindi, zitazamwe alama. Akiwa ndiye, aondolewe. Lakini dawa iliyopulizwa ovyo huua nyuki, huua nyigu wanaotaga mayai ndani ya viwavi na kuwamaliza, na mvua huisomba hadi kwenye maji ya jirani.

Sasa tujitazame sisi wanachuo. Muhula huu nimeona jina la dada yetu mmoja likipitishwa kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine, kwa picha moja iliyopigwa kwa mbali. Hakuna aliyemuuliza yeye. Wiki mbili hakuonekana kwenye darsa. Sura Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuchunguze habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta. Ikiwa kiwavi tunamgeuza mara mbili kuangalia madoa yake, vipi heshima ya Muislamu tuimalize kwa kubonyeza kidole?

Anayejua alipo dada huyo, amtembelee. Aliyeituma picha, aifute na amwombe radhi. Na mkulima wa bondeni, tumsaidie kukagua mimea yake Jumamosi.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki tuifuate, tuonyeshe batili tuiepuke, na uzilinde ndimi zetu na mikono yetu. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.